Koliflawa ya Januari Huamuliwa Juni: Mpango wa Mboga za Baridi kwa Mkulima Mdogo wa Kaskazini mwa India

Lalamiko ni lile lile kila Januari, kuanzia Punjab na Haryana hadi Uttar Pradesh: koliflawa imedumaa, imetoa ua dogo kama kitufe cha koti, na lawama zote anabebeshwa mwenye duka la pembejeo. Kuna nyakati mbegu huwa mbovu kweli, na utaratibu wa kudai haki umeelezwa hapa chini kwa kirefu. Mara nyingi zaidi mbegu ilikuwa nzima na lebo yake sahihi. Kilichokosewa ni tarehe.

Makala haya yanamlenga mwenye shamba lisilozidi hekta 2, ambaye serikali ya India humhesabu kuwa mkulima mdogo. Kwa sensa ya kilimo ya 2015–16, mashamba ya ukubwa huo yalikuwa takriban asilimia 86 ya mashamba yote ya nchi. Vipimo vyote hapa ni vya mita za mraba 1,000, yaani robo ekari hivi. Tunaomba bigha, kile kipimo cha jadi cha ardhi, iwekwe kando wakati wa kupima mbolea. Bigha ya wilaya moja si bigha ya wilaya jirani, na ushauri uliotolewa kwa bigha ya mwingine unaweza kuunguza miche yako.

Mpango unaanza na mpunga

Wengi huanza kufikiria mboga za rabi, yaani msimu wa baridi, mpunga ukishavunwa, mwishoni mwa Oktoba. Hapo mazao kadhaa yameshapita. Viazi mviringo vya uwandani hupandwa kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Njegere za mapema kama Arkel huingia shambani katikati ya Oktoba. Koliflawa ya kuvunwa mwishoni mwa Desemba na Januari hutiwa kitaluni mwishoni mwa Agosti, na miche yake huhitaji shamba tupu wiki nne au tano baadaye, wakati mpunga wa jirani bado umesimama.

Kwa hiyo uamuzi hufanyika Juni, unapochagua mbegu ya mpunga. Aina za muda mfupi kama PR 126, au Pusa Basmati 1509 kwa walima basmati, huachia shamba mapema kuliko aina ndefu, na hizo siku ndizo tofauti kati ya viazi vya wakati na viazi vya kuchelewa. Usijaribu kuzipata kwa kupandikiza mpunga kabla ya muda. Punjab ina sheria ya kulinda maji ya ardhini ya mwaka 2009, inayokataza kupandikiza kabla ya tarehe inayotangazwa na serikali, na faini yake ni rupia 10,000 kwa kila hekta kwa kila mwezi.

Ukiwa na shamba dogo, tenga kipande kimoja ambacho hakitaguswa na mpunga kabisa. Hapo ndipo kitalu, njegere na koliflawa za mapema zitakapokaa. Mpunga huacha tabaka gumu chini ya udongo, na mboga zenye mizizi mirefu, karoti na figili hasa, huligonga na kugawanyika matawi. Samadi mbichi nayo huleta kasoro hiyo hiyo, kisha mkulima akaambiwa ni mdudu.

Mabua: sheria na hesabu zake

Kwa kuwa maswali hapa ni mengi kuliko popote pengine, tueleze. Tangu Novemba 2024 fidia ya mazingira kwa anayechoma mabua katika maeneo yaliyo chini ya tume ya ubora wa hewa ya Delhi na majimbo jirani imeongezwa mara mbili. Mwenye chini ya ekari 2 hutozwa rupia 5,000 kwa kila tukio la kuchoma. Mwenye ekari 2 hadi 5 hutozwa 10,000, na mwenye zaidi ya ekari 5 hutozwa 30,000. Zamani ilikuwa 2,500, 5,000 na 15,000, na wapo wanaoendelea kunukuu viwango hivyo kana kwamba vinawalinda. Moto huonekana kwa setilaiti, kisha afisa hufika kwenye kiwanja. Huko Haryana, agizo la Oktoba 2024 liliongeza alama nyekundu kwenye kumbukumbu za shamba la mkulima, na mwenye alama hiyo anazuiwa kuuza mazao yake kwa mfumo wa serikali kwenye mandi, yaani soko la mazao, kwa misimu miwili. Kwa mkulima mdogo alama hiyo inauma kuliko faini yenyewe.

Dhana kwamba moto “unasafisha ardhi” haina msingi. Moto huondoa naitrojeni na salfa iliyomo kwenye mabua, na kuwaua viumbe wanaoozesha. Ukiyalima mabua chini, jua kwamba vijidudu vinavyoyaozesha vitakopa naitrojeni ya udongo kwa muda, na miche itakuwa ya njano. Usikimbilie dawa ya ukungu. Subiri wiki tatu hivi kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu, au ongeza urea kidogo mwanzoni. Usipokuwa na wiki tatu, toa mabua nje na uyatumie kama matandazo kwenye kitunguu saumu, ambacho hufurahia sana kufunikwa.

Koliflawa si moja

Hili ndilo kosa kubwa. Koliflawa za India zimegawanywa kwa joto ambalo ua lake hufunga, na jina la kundi ni muhimu kuliko jina la kampuni. Kundi la mapema, kama Pusa Meghna, hufunga ua kwenye nyuzi 20 hadi 27 za Selsiasi na hutiwa kitaluni mwishoni mwa Mei na Juni. Kundi la kati, kama Pusa Sharad, linataka nyuzi 16 hadi 20; kitalu chake ni kuanzia katikati ya Julai. Kundi la kati-kuchelewa, kama Pusa Paushja, linataka nyuzi 12 hadi 16 na kitalu cha mwishoni mwa Agosti. Kundi la mwisho ni la Snowball, yaani Pusa Snowball K-1 na K-25, ambalo hufunga kwenye nyuzi 10 hadi 16. Kitalu chake ni mwishoni mwa Septemba na Oktoba, na mavuno huanza mwishoni mwa Januari.

Sasa chukua mbegu ya mapema iliyobaki dukani kwa bei ya chini, uitie kitaluni Septemba. Mche hupata baridi ya kufunga ua ukiwa bado na majani machache, unafunga hapo hapo, na hicho ndicho kitufe. Ukifanya kinyume, Snowball ikitangulizwa Julai, mmea hukaa majani tu, ukingojea baridi ambayo bado miezi. Joto likipanda wakati ua linafunga, uso wake huwa na chembechembe kama wali. Hakuna dawa wala mbolea ya kurekebisha lolote kati ya haya. Mwenye mpunga hadi mwisho wa Oktoba ana chaguo moja tu la koliflawa, nalo ni Snowball.

Kitalu cha mita za mraba 10 kinatosha eneo letu la mita 1,000. Tengeneza matuta yenye upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 15, ili maji yasituame na kuleta kinyausi. Mbegu ya Snowball ni gramu 40 hivi. Ya mapema ni gramu 60 hadi 75, kwa sababu miche mingi hufa kwenye joto na mvua. Panda kwa mistari iliyoachana sentimita 5 hadi 8, si kwa kurusha. Mwagilia asubuhi, ondoa nyasi za kufunika mara mbegu zinapochipua, na punguza maji siku chache kabla ya kuhamisha ili miche ikomae. Shambani nafasi ni sentimita 60 kwa 45, na miche itakuwa kama 3,700.

Samadi iliyooza ni tani 2 hadi 2.5. Mbolea ya viwandani ni DAP kilo 13, potashi ya kloraidi kilo 10 na urea kilo 21. DAP na potashi zote huingia wakati wa kupanda pamoja na kilo 7 za urea. Kilo 7 nyingine huwekwa baada ya siku 30, na 7 za mwisho siku ya 45. Ua likigeuka kahawia na shina kuwa na uwazi ndani, udongo umepungukiwa boroni: kilo 1 hadi 1.5 ya boraksi kabla ya kupanda huzuia hali hiyo. Jani likibaki uti wa kati tu kama mjeledi, ni molibdeni, na hilo ni tatizo zaidi la udongo wenye asidi wa vilimani kuliko la uwandani. Boraksi haiongezwi kwa kukisia, kwa sababu ikizidi ni sumu kwa mmea.

Viazi, njegere na vinavyovunwa haraka

Mbegu ya viazi haitoki chumba cha baridi ikaenda shambani siku hiyo hiyo. Itoe siku 7 hadi 10 mapema, iweke kivulini penye hewa mpaka macho yachipue, na utupe iliyooza. Viazi vya gramu 40 hadi 50, nafasi sentimita 60 kwa 20, vinahitaji kilo 330 hadi 420. Maji ya kwanza ni mepesi, ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, na yasifunike tuta. Theluthi mbili ya kimo chake inatosha.

Adui ni ugonjwa wa bakajani chelewa. Mawingu, ukungu wa asubuhi na nyuzi 10 hadi 20 kwa siku kadhaa mfululizo ni hatari tosha. Mankozebu, dawa ya kuzuia ukungu, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, hufanya kazi kabla ya madoa kuonekana. Baada ya hapo imechelewa, na mchanganyiko wenye saimoksanili ndio unaoshauriwa. Kunyunyiza mankozebu juu ya shamba lililokwisha kuungua ni kupoteza fedha, ingawa kila mwaka hufanyika. Kuhusu monokrotofosi, sumu ya wadudu, matumizi yake kwenye mboga yamepigwa marufuku India miaka mingi. Anayekuuzia kwa ajili ya kabichi anakudanganya.

Njegere za Arkel: kilo 10 hadi 12, nafasi sentimita 30 kwa 5. Ukizipanda Septemba kwa tamaa ya bei, joto litaleta mnyauko na funza wa shina.

Figili, spinachi, giligilani na methi, ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua kama uwatu, hazihitaji maelezo marefu. Gawa kipande mara tatu na upande kwa kupishana siku 10 hadi 15. Anayepanda chote siku moja huvuna chote siku moja, na huuza siku ambayo kila mtu anauza.

Ukinunua mbegu, na ukitaka kulalamika

Mbegu iliyothibitishwa ina lebo ya buluu. Mbegu ya msingi ina nyeupe. Soma tarehe ya kupimwa: uthibitisho hudumu miezi 9 tangu kipimo, na ukiongezwa, lazima uongezwe rasmi. Kiwango cha chini cha uotaji ni asilimia 65 kwa koliflawa, 70 kwa kitunguu, 75 kwa njegere na 60 kwa karoti. Kabla ya kupanda, funga mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu na uhesabu. Jaribio hili halina gharama, na ukilifanya mapema bado una muda wa kurudi dukani. Mbegu ya kitunguu ya mwaka juzi usihangaike nayo.

Hifadhi stakabadhi, mfuko, lebo na kiasi cha mbegu ambayo hukupanda. Bila hivyo vinne, malalamiko yako ni maneno matupu, na tunasikitika kusema hivyo. Mkaguzi wa mbegu, kwa Sheria ya Mbegu ya 1966, huchukua sampuli na kuigawa mara tatu: moja kwa muuzaji, moja kwa mchambuzi wa maabara, ya tatu anabaki nayo mwenyewe. Adhabu ya kosa la kwanza ni faini isiyozidi rupia 500. Kosa likirudiwa ni kifungo kisichozidi miezi 6, au faini isiyozidi rupia 1,000, au vyote viwili. Ni kidogo, ndiyo, na faini hiyo haikufidii hasara yako. Njia ya fidia ni mabaraza ya kulinda walaji: Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 2012 kwamba mkulima aliyenunua mbegu ni mlaji kama mwingine. Ila mtaalamu akikuta umepanda kundi la mapema Septemba, lebo iko sahihi na uotaji umetimia, hakuna kesi. Kwa ushauri kabla ya kununua, kituo cha simu cha wakulima ni 1800-180-1551, na kituo cha sayansi ya kilimo (Krishi Vigyan Kendra) cha wilaya yako kina orodha ya aina zinazofaa hapo ulipo.

Desemba hadi Februari

Kitunguu cha rabi hutiwa kitaluni kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Novemba, mbegu gramu 800 hadi kilo 1, na huhamishwa katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari kwa nafasi ya sentimita 15 kwa 10. Miche minene iliyowahishwa Novemba hutoa mashina ya maua baridi ikikolea, na kitunguu cha namna hiyo hakihifadhiki.

Jalidi, au sakitu, ni hatari kuanzia mwisho wa Desemba. Idara ya Hali ya Hewa ya India hutoa ushauri wa kilimo kila Jumanne na Ijumaa. Anga likiwa safi, upepo ukitulia na utabiri ukitaja jalidi, mwagilia kidogo jioni, kwa kuwa udongo wenye maji hushika joto la mchana na kulitoa usiku. Njegere zilizo kwenye maua ndizo za kwanza kuungua, kisha viazi.

Viazi huachishwa maji siku 10 kabla ya kukatwa majani. Kata majani, subiri siku 15 ngozi ikaze, ndipo uchimbe. Kwa kuwa kipande hicho kitakuwa wazi Februari, miche ya matango na maboga iandaliwe kwenye mifuko ya nailoni chini ya kifuniko cha plastiki tangu mwisho wa Desemba, mbegu moja au mbili kila mfuko, na itolewe ikiwa na majani mawili hadi manne, kabla mizizi haijatoboa mfuko.