Majumba ya Sultani Forodhani, Zanzibar: yasemwayo na yaliyotokea

"Beit al-Sahel ndiyo nyumba aliyoijenga Seyyid Said." Hili nalisikia kuliko mengine yote, na ndilo linaloniuma zaidi, maana linafuta kisa kizima. Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alijenga kweli kasri pale Mizingani, ufukweni mwa mji, na bintiye Salme aliishi humo utotoni. Kasri lile halipo. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kuteremka katika kiti cha usultani alichokikalia siku mbili tu, manowari za Waingereza ziliipiga pwani kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Sahel ikabomoka, na jirani yake Beit al-Hukm pia. Jengo jeupe tunaloingia leo kama makumbusho lilijengwa baada ya vita hivyo.

Beit al-Hukm haikuinuliwa tena. Mahali pake pakapandwa bustani, na mgeni hudhani uwazi ule kabla ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ulipangwa hivyo tangu mwanzo. Hapo palikuwa na nyumba, iliyounganishwa na majirani zake kwa madaraja ya juu ili wanawake wa kifalme wapite bila kuonekana na watu wa njiani.

"Beit al-Ajaib ilijengwa na mnara wake." Hapana. Sultan Barghash aliijenga mwaka 1883, yenye nguzo za chuma na roshani pana, bila mnara. Mnara wa saa, uliokuwa pia taa ya kuongoza vyombo, ulisimama peke yake mbele ya majumba. Mizinga iliuharibu, na mwaka 1897 ukaja mnara mpya ulioshikana na uso wa jengo. Basi mnara ulioporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ulikuwa mdogo kwa umri kuliko nyumba yenyewe. Wala jumba halikukusudiwa kulala watu. Lilikuwa la sherehe na mapokezi.

Ngome Kongwe huitwa ya Wareno. Waliokuwa nalo Wareno hapo ni kanisa; ngome ni ya Waarabu wa Oman, baada ya Wareno kufukuzwa.

Na bustani ya Forodhani si shamba la masultani wa kale. Jina lenyewe linasema: palikuwa forodha, mahali pa kutoza ushuru wa bidhaa. Majani na mabenchi vilikuja miaka ya 1930.