Haidranti Chini ya Jiko la Chapati

Saa tatu asubuhi, mimi na stafu sajenti mmoja wa zimamoto tumeinama kwenye uchochoro wa soko, yeye kashika ncha moja ya tepu, mimi nyingine. Ramani ya mabomba tuliyopewa imepigwa fotokopi mara nyingi mpaka mistari imebaki vivuli, lakini inasema hapa tuliposimama pana haidranti, yaani bomba la maji ya kuzimia moto. Hatulioni. Tunachoona ni kibanda cha mama lishe, jiko la mkaa, na ndoo ya unga.

"Shikamoo, mama," afande akasalimia.

"Marahaba, mwanangu. Mnapima nini tena? Mnatuhamisha?"

"Hatuhamishi mtu, mama. Tunatafuta bomba la zimamoto. Lina kifuniko cha chuma, kizito hivi."

Mama akacheka. "Kifuniko cha chuma? Si ndicho nilichowekea jiko! Hapa kote pana mashimo, pale tu ndipo pamenyooka."

Chapati za asubuhi hiyo, na za miaka saba nyuma yake, zilipikwa juu ya haidranti pekee ya upande wa mashariki wa soko. Simlaumu. Kibanda kile kina risiti za ushuru, na risiti zimetoka kwetu halmashauri.

Mimi ni afisa mipango miji. Watu wengi wanadhani kazi yangu ni kugawa viwanja, na wengine wanadhani ni kuvinyima. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye swali moja dogo: kati ya ukuta huu na ule kuna mita ngapi, na nani anapita hapo? Nimeandika makala hii kwa sababu kila soko linapoungua, na kila mtoto anapogongwa mbele ya shule, simu yangu hujaa ujumbe wa "halmashauri mko wapi?" Swali ni la haki. Jibu lake lina kona nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na nani ana nini, nitapita haraka maana mambo haya yanachosha. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri za miji. Leo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa Sheria Na. 14 ya 2007. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za mitaa tulikuwa nazo wenyewe, na Julai 2017 zikaenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mabomba ni ya mamlaka ya maji. Kusimamisha magari barabarani ni kazi ya trafiki. Ukijumlisha hayo utajiuliza mji wenyewe umebakiwa na nini. Umebakiwa na ardhi: ramani ya mipango miji, kibali cha ujenzi, soko, stendi, na sheria ndogo za nani aweke meza wapi. Sheria ya Barabara nayo ni ya mwaka huohuo wa 2007, Na. 13. Zimepakana namba kabisa, ila katika vikao vingi nilivyokaa sijaona mtu akizifungua zote mbili mezani kwa pamoja. Anayezungumzia moto anazungumzia magari ya zimamoto. Anayezungumzia ajali anazungumzia matuta.

Haya, turudi kwenye uchochoro. Ramani iliyopitishwa inasema upana wake ni mita sita. Tepu yetu, kutoka meza hadi meza, ilisoma mita mbili na sentimita thelathini. Gari la kawaida la zimamoto lina upana wa karibu mita mbili na nusu, na hapo vioo vya pembeni hujavihesabu, wala milango ya makabati inayofunguka ubavuni ambamo mipira na vifaa hutolewa. Gari linahitaji nafasi ya kupita, halafu linahitaji nafasi ya kufanya kazi. Mita nne ndiyo afande anaita "naweza kupumua".

Lisipoingia, mipira huvutwa kwa mkono kutoka barabarani. Hilo linafanyika, askari wetu wamezoea. Lakini piga hesabu ya maji. Gari lenye lita 5,000 likitoa lita 500 kwa dakika kwa mpira mmoja, limekauka baada ya dakika kumi. Ukifungua mipira miwili ni dakika tano. Ndiyo maana wananchi huona gari likigeuza na kuondoka katikati ya moto, wakapandwa na hasira, wakarusha mawe, wakasema "limekuja bila maji". Mara nyingi lilikuja na maji. Yameisha, na mahali pa kujazia pamekaliwa na jiko la chapati.

Wanaofuatilia wanakumbuka usiku wa Jumamosi 10 Julai 2021, Soko la Kariakoo lilipoungua, jengo lililofunguliwa 1975 kwa usanifu wa Beda Amuli. Miezi sita baadaye, usiku wa kuamkia Jumapili 16 Januari 2022, likawa Soko la Karume pale Ilala. Sina la kusema kuhusu chanzo cha moto wowote kati ya hiyo, si fani yangu. Ninachoweza kusema kama mtu wa ramani ni kwamba soko la mbao, turubai na nguo halina uvumilivu. Moto hauruki kutoka kibanda hadi kibanda kwa sababu ni mkali sana. Unaruka kwa sababu hatukuuachia pengo. Njia ya mita sita katikati ya soko ni barabara mchana, na usiku ni ukuta wa hewa. Ukiijaza meza, umeziba njia ya gari na umeujengea moto daraja.

Sasa twende kwenye matuta, maana hapa ndipo ninapogombana na marafiki zangu.

Kuna shule moja ya msingi mjini kwetu, lango lake lilikuwa linafungukia moja kwa moja kwenye barabara kubwa. Kengele ikilia saa nane mchana, watoto mia kadhaa wanamwagika lami kama mahindi yaliyotoboka gunia. Mwendo wa kisheria kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, kibao kipo, na kibao hakijawahi kumshika mtu. Mtoto wa darasa la pili akagongwa na bodaboda, akavunjika mguu. Usiku ule wakazi wakaweka tuta lao wenyewe, la udongo na matairi. Asubuhi daladala moja ikavunjia springi hapo. Diwani akaja Baraza la Madiwani na hoja moja: matuta matatu, wiki hii.

Mimi nilisimama kupinga, na ukumbi ukaniangalia kama nimesema watoto wagongwe.

Wiki moja kabla nilikuwa nimepanda gari la zimamoto kwenye mazoezi, kiti cha mbele, daftari mapajani. Kutoka kituoni hadi upande wa pili wa mji tulivuka matuta tisa. Lori lenye tani tano za maji mgongoni halirukii tuta. Maji yanacheza ndani ya tangi, dereva akikosea yanamsukuma, na kwenye kona yanaweza kumlaza. Basi anapunguza, anapanda, anashuka, anaanza upya kuvuta gia. Nilihesabu sekunde sita, saba, mara nyingine nane kwa kila tuta. Tisa yakiwa kwenye njia moja, hiyo ni zaidi ya dakika. Ambulensi nayo ni vivyo hivyo, na mgonjwa wa kuvunjika uti wa mgongo anayahisi yote tisa.

Kwa hiyo matuta yanaokoa mtoto na yanachelewesha gari, yote mawili kwa pamoja, na yeyote anayekwambia moja tu hajakaa upande wa pili. Kuna nchi hutumia matuta yenye mapengo, magurudumu ya lori yanapita pembeni na gari dogo linapanda. Ni wazo zuri mpaka umkumbuke bodaboda, ambaye pengo hilo kwake ni mlango wa sebuleni. Na aliyemgonga mtoto wetu alikuwa bodaboda.

Kilichotusaidia hakikuwa barabarani kabisa. Barabara ile si yetu, tungeandika barua na kusubiri. Lakini uzio wa shule ni wetu, na mtaa wa nyuma ya shule upo kwenye ramani yetu. Tukahamisha lango. Tofali, saruji, fundi wa kuchomelea, na wiki mbili za kugombana na wauza ubuyu waliokuwa na meza zao lango la zamani. Watoto sasa wanatokea mtaa wa nyuma, wanakusanyika kwenye kona moja, wanavuka pamoja mahali pamoja. Wenye barabara walipokuja kuweka kivuko, wakajenga kimoja kilichoinuliwa na rasta, yaani vituta vyembamba vya kutikisa gari, kabla yake, badala ya matuta matatu. Diwani alikata utepe wa lango. Hotuba yake haikunitaja, na mimi nilikula soda yangu kwa amani.

Hapa nataka niseme neno kuhusu Msamvu, Morogoro, kwa sababu ndipo mambo haya mawili, moto na barabara, yalipokutana vibaya kuliko popote. Asubuhi ya 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tulilizungumza sana kama suala la umaskini na la elimu, na ni kweli. Ila angalia pia mahali. Karibu miji yetu yote ya bara imejipanga juu ya barabara kuu kama kuku kwenye kamba. Malori ya mafuta ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yanapita katikati ya stendi, maegesho ya bodaboda, soko la ndizi na mama lishe. Sisi watu wa mipango ndio tunaoweka stendi pale, kwa sababu abiria wapo pale, na abiria wapo pale kwa sababu stendi ipo pale. Hifadhi ya barabara kuu kisheria ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya 2007 ilikuwa 22.5. Watu wanaijua hifadhi hiyo kwa alama ya X ukutani tu, nyekundu ya kubomoa bila fidia na ya kijani ya wenye fidia, wakaiona kama ardhi ya serikali iliyokaa bure. Haikukaa bure. Ni nafasi ya lori kuanguka bila kumwangukia mtu.

Mitaa isiyopimwa ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kwenye urasimishaji makazi, yaani kupima na kuhalalisha mitaa iliyojengwa bila mpango, tunakaa chini ya mwembe na wakazi, ramani imetandazwa juu ya benchi, tunaomba kila mmoja aachie kidogo ili njia ipite. Tunaanza na mita sita, tunashuka nne, tunaombwa tatu. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu:

"Mwanangu, unataka mita mbili za marehemu baba yangu kwa ajili ya gari ambalo toka nizaliwe halijawahi kuja hapa."

"Mzee wangu, halijawahi kuja kwa sababu halipiti."

"Basi tumezoeana."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na nikashindwa. Majirani zake wote waliachia. Kwake njia inajibana hadi mita mbili na themanini, na kwenye faili letu pale pameandikwa "shingo". Lori la mchanga halipiti shingo, la taka halipiti, la zimamoto lingelazimika kusimama hapo na kuvuta mipira kwa nyumba thelathini na mbili zilizo mbele yake. Sheria ingeniruhusu kwenda mbali zaidi, na nimeulizwa kwa nini sikwenda. Jibu langu ni kwamba mtaa unaopimwa kwa polisi hauombi kupimwa tena, na nina mitaa mingine kumi na moja inayotazama.

Haidranti je? Mama lishe alikubali kusogea mita moja na nusu, kwa sharti tumsawazishie sakafu alipohamia, na tulimsawazishia. Tulimpa mtungi wa kuzimia moto autunze, kwa sababu yeye hufungua alfajiri na hufunga mwisho, na namba 114 imeandikwa kwa rangi kwenye ubao wake juu ya bei ya maharage. Kifuniko kilihitaji mtaimbo na wanaume watatu. Chini yake palijaa majivu na maganda ya vitunguu.

Afande alifunga mpira, akafungua valvu. Kwanza upepo, kisha tope, kisha maji mekundu kama chai ya rangi, kisha maji. Soko zima likashangilia. Akasoma mgandamizo, akaandika, akasema tujaribu tena jioni, kwa sababu soko halichagui saa ya kuungua. Tukarudi saa kumi na mbili. Ilikuwa zamu ya upande ule kukatiwa maji kwenye mgao. Akafungua valvu, upepo ukatoka, tukasubiri, hakikufuata kitu.

Barua ya kuomba laini ile iondolewe kwenye ratiba ya mgao ipo mezani kwa mhandisi wa maji, nakala kwa mkurugenzi. Kesho asubuhi nitapita tena, kwanza kunywa chai.