Mionzi Haili Chuma cha Tangi

Kila nikizungumzia matangi ya taka za mionzi, swali la kwanza ni lilelile: "Mionzi imeshakula chuma kiasi gani?" Hata wahandisi huniuliza. Nimechoka kulijibu mdomoni, acha niliandike.

Mionzi haili chuma. Miale ya gama hupita kwenye ukuta wa tangi bila kuutoboa. Chuma huharibiwa na nyutroni nyingi, na hizo ziko ndani ya kinu cha nyuklia. Kinacholitoboa tangi la taka ni kemia.

Tazama Savannah River, kituo cha Marekani kilichotengeneza malighafi za silaha za nyuklia. Matangi ya mwanzo yalijengwa kwa chuma cha kaboni, yaani chuma cha kawaida kinachoshika kutu, miaka ya 1950, na kufikia 1960 tangi namba 16 lilikuwa limevuja hadi taka zikafurika kwenye beseni la chuma lililowekwa chini yake. Palikuwa na nitrati nyingi (chumvi za asidi ya nitriki), joto, na mkazo uliobaki kwenye mishono ya kuchomelea. Hivyo vitatu vikikutana, ufa huanzia kando ya mshono na kupenya bamba zima, ilhali ukuta uliobaki una unene wake uleule. Matangi yaliyofuata yalipashwa moto baada ya kuchomelewa ili mkazo ulegee, na hayakurudia masaibu hayo. Kama mkosaji angekuwa mionzi, moto ungesaidia nini?

Mchango wa mionzi ni wa kando. Huleta joto, ndiyo, lakini pia hugeuza sehemu ya nitrati kuwa nitriti, na nitriti hukilinda chuma.

Wengine husema taka hizo ni asidi. Savannah River na Hanford, kituo kingine cha Marekani, huzitia haidroksidi ya sodiamu, alkali inayoua asidi, kabla ya kuzimimina tangini, kwa sababu chuma cha kaboni hakistahimili asidi. Sellafield, Uingereza, ndiko taka kali huhifadhiwa zikiwa asidi, katika matangi ya chuma kisichoshika kutu. Na kabla hujasema kila mtu angetumia chuma hicho: kloraidi hukichimba na kukipasua.

Bamba nene? Unene hununua muda dhidi ya kutu inayosambaa sawasawa. Ufa haungoji.

Kuta mbili nazo si kinga ya kuvuja. Tangi AY-102 la Hanford, lenye kuta mbili, liligunduliwa mwaka 2012 kuwa tangi lake la ndani linavuja. Ukuta wa nje ndio uliozuia taka.

Kwa hiyo usianze kuniuliza unene. Niulize sampuli ya mwisho ya taka ilichukuliwa lini, na kutoka wapi. Haidroksidi inayokilinda chuma huliwa polepole na kaboni dioksidi ya hewa iliyo juu ya kimiminika, kwa hiyo juu ya kimiminika inaweza kuwa imepungua huku katikati ikiwa ya kutosha. Tope la chini nalo lina kemia yake. Sampuli moja ya katikati haitoshi, na mimi siipokei.