Baka lisilosikia dawa ya fangasi

Kaka mmoja wa bodaboda kutoka Mbagala alimwaga mezani kwangu kliniki tyubu saba za dawa ya fangasi, zote zimekamuliwa na kukunjwa kama dawa ya meno iliyoisha. Miaka mitatu alikuwa anapaka mabaka ya kiunoni na mapajani. Kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi, kilipokatwa na kupimwa maabara, haikuwa fangasi. Ilikuwa limfoma ya ngozi, saratani adimu. Maswali haya ni yake na ya mkewe, nayajibu hapa kwa faida ya wengine.

Limfoma ya ngozi ni nini hasa?

Kwa kawaida ni saratani inayoanzia kwenye seli T, askari wa kinga wenyewe. Wengi wetu Dar tunazijua CD4 kwa sababu ya vipimo vya Ukimwi. Mara nyingi ni CD4 hizo hizo zinazogeuka: zinaweka kambi kwenye ngozi, zinazaliana, na zamu yake ya kufa ikifika hazifi. Mtu asiye na virusi vya Ukimwi anaupata ugonjwa huu vilevile. Alibert, daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1806, aliona vivimbe vinavyofanana na uyoga, na jina la uyoga (mycosis fungoides) likaung'ang'ania hadi leo. Fangasi haimo kabisa.

Mke wangu ataambukizwa?

Hapana, shemeji asiogope. Laleni pamoja kama kawaida.

Sasa askari wengine wa mwili wako wapi? Kwa nini hawaiui?

Swali hili ndilo lenye uzito. Mwanzoni wanapigana kweli, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya ugonjwa ukae miaka mingi ukiwa mabaka tu. Lakini seli za saratani hutoa kemikali zinazouvuta mwili kwenye kinga ya aina ya mzio, ile ya pumu ya ngozi, na askari wa kuua wanachoka. Makrofeji, wafagiaji wanaokula mabaki ya seli zilizokufa, wanaacha ufagio na kuanza kutoa vichocheo vya ukuaji na kuita mishipa mipya ya damu. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza walichunguza ngozi ya wagonjwa seli moja moja. Wakakuta seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, ziko ubavuni mwa seli za saratani, na dalili kwamba zinazisaidia kukua.

Fikiria kibaka aliyelelewa ndani ya sungusungu wa mtaa. Filimbi yao anaijua. Akipuliza wanakuja mbio, na wakifika wanamzingira yeye kumlinda.

Na muwasho huu unaoninyima usingizi?

Unatokana kwa sehemu kubwa na kemikali hizo hizo. Ukijikuna ngozi inachanika, bakteria aitwaye stafilokokasi anaingia, na sumu yake inaamsha seli za kinga. Zikiamka, zinapeleka ishara za kukua kwa seli za saratani. Ndiyo maana nasisitiza: oga, jipake mafuta mazito mwili ungali na unyevu, na ukiona usaha rudi kliniki siku hiyo hiyo.

Nimeuziwa dawa ya kuongeza kinga. Ninywe?

Tafadhali, usinywe. Mlonge kama mboga kula, lakini hela ya chupa hizo weka nauli ya kliniki. Kinga yako imepotoshwa, na hakuna chupa inayojua kumtofautisha askari mwaminifu na aliyegeuka. Tiba zipo: krimu kali za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) chini ya usimamizi wa daktari, tiba ya mwanga, methotreksati, na mionzi, ambayo hapa tunaifuata hospitali ya saratani ya Ocean Road. Wanaowahi mabaka yakiwa machache wengi huishi miaka mingi.

Kaposi, ile saratani ya madoa ya ngozi, nayo ni hivyo?

Kaposi huanza na kirusi, kilichogunduliwa mwaka 1994, na hushamiri kinga ikishuka. Hata hivyo seli za kinga zinazofika kwenye madoa yake nazo hutoa kemikali zinazoyalisha. Mara chache madoa huongezeka wiki za mwanzo za ARV, kinga inapoamka. Usiache dawa, mwambie daktari wako.

Nianzie wapi?

Baka lililokaa miezi bila kupona, hasa sehemu zisizopigwa na jua kama makalio, kiuno na mapaja, mwonyeshe daktari wa hospitali ya Temeke, Amana au Mwananyamala hapa Dar, na uombe rufaa ya kliniki ya ngozi Muhimbili. Kwenye ngozi yetu nyeusi baka mara nyingi huwa jeupe kidogo kuliko ngozi ya pembeni, kwa hiyo huitwa mba. Beba tyubu zote ulizopaka, kwa sababu nyingine zina steroidi, na hizo zinaweza kuficha majibu.

Kinyama cha kwanza kinaweza kisionyeshe kitu. Ukiambiwa ukatwe tena, kubali. Kaka wa Mbagala alikatwa mara mbili.