Kaulimbiu haijampa mtu Ikulu

Wiki hii nimeambiwa tena, na mtu aliyesoma vizuri tu, kwamba "Hapa Kazi Tu" ndiyo iliyomwingiza Magufuli Ikulu mwaka 2015. Msimu wa kampeni ukikaribia huwa naombwa "kaulimbiu kama ile", kana kwamba ninazo stoo. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

Tuanzie 2005. CCM ilitoka na "Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya", Kikwete akapata zaidi ya asilimia 80. Mwaka 2010 chama kilekile, mgombea yuleyule, kikabadili neno moja: "Ari Zaidi, Nguvu Zaidi, Kasi Zaidi". Mapigo yaleyale, kiitikio kilekile jukwaani, kofia na khanga zilezile za kijani na njano. Kura zake zikashuka kutoka milioni 9.1 hadi milioni 5.3 hivi. Wenzangu wa matangazo husema "mpya" inauza kuliko "zaidi". Hapana! Mwaka 2005 walipiga kura zaidi ya watu saba katika kila kumi walioandikishwa. 2010 hawakufika nusu. Mamilioni hayo hayakubaki nyumbani kwa sababu ya neno moja kwenye bango. Katikati palipita mgao wa umeme, kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, waziri mkuu kujiuzulu kwa sababu yake Februari 2008, fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya EPA ya Benki Kuu. Na mwaka 2005 "mpya" ilikuwa na ukweli ndani yake: Mkapa alikuwa anamaliza miaka 10, sura nyingine inaingia. Aliyekwisha kaa Ikulu miaka mitano akiahidi "zaidi", msikilizaji anajipapasa mfukoni kwanza.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mpiga kura husikia maneno pamoja na mdomo unaoyatoa. Magufuli alijulikana kwa wizara ya ujenzi na barabara zake, akapanda jukwaani akapiga pushapu, na "Hapa Kazi Tu" ikamkaa. Mpe maneno hayohayo kada mwingine yeyote kati ya wale zaidi ya 30 waliochukua fomu za kuomba uteuzi wa CCM mwaka ule, yangekufa kabla ya kufika mkoa wa pili. Nyuma yake walikuwepo pia mabalozi wa nyumba kumi nchi nzima, ambao hakuna anayewataja tukianza kusifia maneno.

Mtanitajia "Kibaki Tosha" ya Kenya, iliyomnadi Mwai Kibaki kwa urais. Sawa, yalikuwa maneno mawili ya Raila Odinga pale Uhuru Park, Oktoba 2002. Uzito wake ulitokana na kwamba msemaji mwenyewe aliutaka urais, na siku ile aliuachia mwingine mbele ya umati.

Panaponisumbua ni "Mabadiliko" ya Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani Tanzania, 2015. Mbebaji wake alikuwa Lowassa, waziri mkuu yuleyule aliyejiuzulu 2008, aliyekuwa CCM hadi Julai ya mwaka uleule wa uchaguzi. Kwa hoja yangu, mdomo ule ulipaswa kuiua kaulimbiu. Badala yake akapata karibu asilimia 40, kiwango ambacho hakuna mgombea wa upinzani kwa urais wa Muungano aliyekuwa amekifikia tangu vyama vingi virudi. Pengine mtandao aliotoka nao CCM ndio uliomvusha. Pengine watu walikuwa na kiu ya mabadiliko kiasi cha kutomwangalia aliyeyabeba. Nimeirudia hesabu hiyo kila upande na bado siwezi kuzitenganisha sababu hizo mbili.