Ugunduzi uliopitiliza si kipimo kilichokosea

Nimesikia tena mtu akieleza kwamba hasara ya kupima matiti kwa mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, ni "ugunduzi uliopitiliza, yaani unaambiwa una saratani kumbe huna". Hasara hiyo ipo, ila jina lake silo hilo.

Ugunduzi uliopitiliza ni pale mwanamke asiye na dalili yoyote anapopimwa na kukutwa na saratani ya kweli, lakini ambayo isingemsumbua wala kumuua maishani mwake. Basi.

Neno lenyewe limetokana na kupita. Abiria akipitiliza kituo, gari halikuharibika wala dereva hakupotea njia. Amefika mbali kuliko alikohitaji. Ndivyo ilivyo hapa. Picha imeona sawasawa, kinyama, yaani kipande kidogo kilichotolewa titini, kimesomwa sawasawa chini ya hadubini, na seli ni za saratani. Taharuki ya bure ni jambo jingine: kivuli kinaonekana, mwanamke anaitwa tena, pengine anachomwa sindano ya kutoa kinyama, kisha anaambiwa yuko salama. Hofu ile inatesa, lakini ina siku ya kwisha. Aliyegunduliwa kwa kupitiliza haioni siku hiyo. Anapasuliwa, anapigwa mionzi, pengine anameza dawa kwa miaka, na anaamini, kama yeyote kati yetu angeamini, kwamba kipimo kimemwokoa. Hakuna daktari anayeweza kusema ni yeye au ni yule wa kitanda cha pili. Wanaonekana kwenye hesabu tu.

Jopo huru la Uingereza lilikadiria mwaka 2012 kwamba kati ya wanawake 10,000 wanaoalikwa kupimwa kuanzia miaka 50, kwa miaka 20, vifo 43 vitazuiwa na wanawake 129 watagunduliwa kwa kupitiliza. Watafiti wengine wana makadirio tofauti. Lakini hata hao 43 ni uhai, na sioni haki kumficha mwanamke namba yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mtu akiitwa tena na kukutwa hana kitu, sema alipata taharuki ya bure. Na aliyekwisha kuona uvimbe, titi lililobonyea au chuchu inayotoa damu hayumo kabisa katika mizani hii. Huyo ana dalili, na anatakiwa kwenda kupimwa sasa.