Roketi ubavuni mwa ndege ya mabomu: kwa nini ziliwekwa, na kwa nini ziliogopwa

Ukitazama picha za zamani za B-47, ndege ya mabomu ya Marekani iliyopaa mara ya kwanza Desemba 17, 1947, utaona moshi mzito umetanda nyuma yake kana kwamba inaungua. Haiungui. Ni roketi 18 zilizopachikwa ubavuni karibu na mkia, tisa kila upande, zinaisukuma iache ardhi.

Wanafunzi huniuliza: ndege ina injini sita za jeti, roketi za nini tena? Injini za jeti za siku zile zilikuwa hodari angani na goigoi ardhini. Zilikawia kufikia nguvu kamili, na hata zikifika, msukumo wake ulikuwa mdogo kwa ndege iliyoshiba mafuta ya safari ya mbali. B-47 ilikuwa na kilema kingine. Magurudumu yake makuu yalikaa mbele na nyuma chini ya tumbo, kama ya baiskeli, hivyo rubani hakuweza kuinua pua ili apae mapema. Alikimbia tu hadi mabawa yenyewe yaibebe.

Kila roketi ilitoa msukumo wa takriban kilo 450 kwa sekunde 14 hivi. Zote kwa pamoja ziliongeza zaidi ya nusu ya nguvu za injini za matoleo ya mwanzo. Lakini sekunde 14 ni chache. Ukiziwasha mapema, zinakwisha ndege ikiwa bado chini. Ukichelewa, njia inakuishia. Na baruti ngumu, fueli ya roketi hizo, ikishawaka haina swichi ya kuzima. Ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Roketi za upande mmoja zikigoma, za upande wa pili zinaendelea kusukuma, na pua inavutwa pembeni.

Hatari iliyojificha zaidi ni ufa. Baruti ngumu huungua kwenye uso wake tu, kwa hiyo ukubwa wa uso huo ndio unaoamua kiasi cha gesi. Ikipasuka ndani ya mtungi, moto unapenya kwenye ufa, uso unaoungua unaongezeka ghafla, shinikizo linapanda, na roketi inageuka bomu. Watafiti wa Caltech, chuo kikuu cha California, Marekani, walilijua hilo mapema. Agosti 1941 rubani Homer Boushey alipaa kwa roketi zao kwenye ndege ndogo aina ya Ercoupe, na mambo yakaenda vizuri. Roketi zilizokaa ghalani siku chache ndizo zilizolipuka, kwa sababu joto na baridi viliipasua baruti. Mwaka 1942 mmoja wa watafiti hao, Jack Parsons, alipata dawa yake: lami, ndiyo, lami hii ya barabarani, iliyochanganywa na potasiamu pakloreti, chumvi inayoupa moto oksijeni. Lami hunyumbulika, haipasuki ovyo. Kwangu mimi huo ni ugunduzi mkubwa kuliko roketi yenyewe.

Wajerumani walipita njia nyingine. Arado Ar 234, ndege ya kwanza ya mabomu ya jeti kuingia vitani, ilitumia roketi za Walter zilizotundikwa chini ya mabawa. Hizo ziliendeshwa kwa haidrojeni peroksaidi, kimiminika kikali kinachoweza kuwasha nguo na kuchoma ngozi. Zilipokwisha ziliachiwa, zikashuka kwa parachuti ili zijazwe tena.

Kwenye B-47 roketi za ubavuni zilikaa karibu mno na matangi ya mafuta. Boeing, kampuni iliyoiunda, ikahamia kwenye fremu ya nje iliyobeba hadi roketi 33, ambayo ilidondoshwa baada ya kupaa. Kadiri injini zilivyopata nguvu, haja ya roketi ikapungua.

Hata ndege za abiria zilionjeshwa. Mwaka 1951 Waingereza walijaribu roketi ziitwazo Sprite kwenye Comet, ndege yao ya abiria ya jeti, wakiwazia viwanja vya joto vilivyo juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Mei 1952 Comet ilipoanza safari za abiria kutoka London hadi Johannesburg kupitia Entebbe, ilipaa kwa injini zake nne tu.